Mtungi wa Tatu

"Wachana nayo, Shosho. Si ni maji tu?"

Teresiah alikuwa amepiga magoti kati ya kitanda na kabati la vyombo, tambara mkononi, karai la plastiki kando yake. Jacklyne, mke wa mwanawe, aliyemwita Shosho, yaani nyanya, kama mtoto anavyomwita, alikuwa ameupandisha mtungi orofa nne bila kumwaga tone, kisha ukamponyoka mlangoni. Sasa maji yalikuwa yanatambaa kuelekea mvunguni. Teresiah akalitandaza tambara, akalivuta, akalikamua ndani ya karai. Akatandaza tena. Watu husema maji yakimwagika hayazoleki. Watu hao hawajawahi kupanga chumba mtaa wa Huruma, Nairobi.

"Hayo ni machafu sasa," Jacklyne akasema, bado anahema.

"Machafu ya kunywa. Choo hakiwezi kujua."

Jacklyne akacheka, akaketi kitandani na kuvua viatu. Siku hizo alikuwa bado anacheka. "Shosho, wewe ukifa, tutakuta umejikamua kwanza."

"Mkinizika na sanduku la bei nitafufuka nilirudishe."

Na wote wawili wakacheka, mmoja chini na mwingine kitandani, na mtoto Shiru, aliyekuwa akichora ukutani kwa kipande cha mkaa, akacheka pia ingawa hakujua kinachochekwa.

Chumba kilikuwa kimoja. Pazia lilikigawa: upande wa dirisha kitanda cha mwanawe Muriuki na mkewe, upande wa mlango jiko, kabati, mitungi, na godoro ambalo mchana lilisimamishwa ukutani na jioni likalazwa chini, Teresiah alale hapo na mjukuu wake. Mjukuu na jina lake, maana Shiru ni Wanjiru, na Wanjiru ni Teresiah mwenyewe. Kwa Wakikuyu binti wa kwanza huitwa kwa jina la mama ya baba yake. Kwa hiyo Muriuki alimwita bintiye Mami, vilevile alivyomwita mama yake, na nyumba hiyo ndogo ilikuwa na kina mama wawili wa Muriuki, mmoja hana meno ya mbele kwa sababu ya utoto, mwingine kwa sababu ya uzee.

Teresiah hakutoka mashambani juzi. Aliletwa Nairobi bibi harusi, akaishi miaka mingi Makadara katika nyumba ya kazi ya mumewe, Githinji, aliyekuwa mtu wa reli. Githinji alipofariki nyumba ikapewa mwingine, na kipande cha shamba walichodhani kipo kikapatikana kuwa kimeuzwa zamani na shemeji zake. Akaja kwa mwanawe na begi moja na sufuria mbili. Hakuna aliyemfukuza popote. Mambo yaliisha tu, moja baada ya jingine. Bandu bandu huisha gogo.

Alichokuja nacho hasa ni mikono yake. Majani ya chai aliyachemsha mara mbili: ya kwanza ya Muriuki na Jacklyne, ya pili yake, rangi ya maji ya kuoshea mchele. Vipande vya sabuni vilivyobaki vyembamba kama kucha alivikusanya katika soksi kuukuu akaifunga, na soksi hiyo ikaosha vyombo mwezi mzima. Vumbi la makaa alilipata bure kwa muuzaji pale chini, akalikanda na udongo na karatasi, akafinyanga madonge na kuyaanika juu ya paa, na donge moja liliivisha maharagwe polepole mpaka jioni. Sukuma wiki hakununua asubuhi. Alingoja jua lizame, mboga zikiwa zimelegea na mwenyewe anataka kwenda nyumbani, ndipo anateremka na kusalimia kwa adabu nyingi. Na mashina hakutupa. Aliyakata vidogo vidogo akayatia ndani pamoja na majani, na Muriuki akila alikuwa akisema, "Hii sukuma iko na nyama," naye Teresiah anafurahi kwa siku nzima.

Alipenda kubana tangu zamani, hilo hakuna anayelikataa. Lakini mwaka huu alikuwa akibana kwa hofu.

Jumapili moja alikuwa amelala na Shiru, macho wazi, akamsikia Muriuki nyuma ya pazia. Muriuki alikuwa kibarua katika godauni moja Industrial Area, kupakia na kupakua. Zamani aliitwa kila siku. Siku hizi anasimama langoni na wenzake alfajiri, msimamizi anatoka na kuonyesha kidole wewe, wewe na wewe, na mara nyingi kidole kinamruka.

"Ikipungua tena," Muriuki alisema, "itabidi Mami aende kwa Sally. Kwa muda."

"Shosho anakula nini jameni?" Jacklyne akamjibu. "Huyo hata kivuli chake kinakula kumshinda."

"Najua. Lakini ni mtu. Mtu ni mtu."

Sally ni binti ya Teresiah, ameolewa Nyahururu. Na mama mkwe hakai nyumbani kwa mkwe wake. Anaenda kwa shughuli, anakaribishwa, anapewa kiti kizuri, anarudi. Halali huko akazoea, wala haonekani na mkwe akitoka bafuni asubuhi. Ni aibu ambayo haina jina zuri kwa Kiswahili, lakini kila mama wa Kikuyu wa umri wake anaijua mwilini. Teresiah alilala pale akitazama dari na kuelewa kwamba katika nyumba ile, kati ya vitu vyote vinavyoweza kupunguzwa, naye yumo. Tangu siku hiyo aliamua atahakikisha anaokoa zaidi ya anachokula. Na kwa kuwa hesabu hiyo ina pande mbili, akapunguza pia anachokula. "Nimeonja nikipika, nimeshiba," alikuwa akisema.

Mitungi ilikuwa mitatu, yote ya manjano, yote ya ukubwa mmoja. Wa kwanza ulikuwa wa maji ya kunywa, yakitiwa dawa. Wa pili wa kupikia na kuoga. Wa tatu ulikuwa fahari ya Teresiah. Humo alimimina maji ya mwisho ya kusuuzia nguo, yale ambayo watu wengine humwaga, akayaacha yatuame. Yalipigia deki, na yaliyobaki yalienda choo cha pamoja kule mwisho wa baraza. Mtungi wa tatu alikuwa ameufunga kitambaa chekundu shingoni, kipande cha sketi yake ya zamani, na kila mtu ndani ya nyumba alijua sheria: chekundu si cha mdomo. Hata Shiru alijua. Mgeni akiingia, Shiru alikuwa akikimbia kumwonyesha, "Hii ni ya choo!" mpaka mgeni anaona haya.

Basi siku ya Alhamisi Shiru akarudi kutoka nasari na sweta yake nyekundu imetoboka kiwiko. Mwalimu alikuwa amesema mtoto aje na nyingine, au hiyo ishonwe. Ya kununua haikuwepo hata katika mazungumzo. Teresiah alifungua begi lake akatafuta kipande cha kiraka. Bluu, nyeupe, nyeusi ya msiba. Nyekundu hakuna. Kisha akainua macho, akakiona kitambaa kwenye mtungi. Rangi ileile kabisa, kama vimekatwa kutoka jora moja.

Alikifungua. Akakifua kwa soksi ya sabuni, akakikausha juu ya kifuniko cha sufuria ya maharagwe, akaketi mlangoni penye mwanga na sindano. Alishona kwa mishono midogo, akakunja pindo kwa ndani, akakaza uzi kwa meno ya upande. Alipomaliza, kiraka kilikuwa hakionekani ila kwa mtu anayekitafuta. Alikishika kiwiko kile akakitazama na kuona raha. Sweta mpya isiyonunuliwa. Akili yake ilimwambia, funga kitambaa kingine kwenye mtungi, hata kile cha bluu. Ndiyo, akasema moyoni, na akaunyoosha mkono kwenye begi.

Wakati huohuo sauti zikapanda ngazini. "Maji imerudi! Maji imerudi!"

Mfereji wa pale chini haukuwa umetoa maji kwa siku nyingi. Ukitoa, unatoa kwa muda usiojulikana, na asiyefika mapema ananunua kwa mkokoteni. Teresiah akaliacha begi wazi. Akamimina yaliyobaki katika mtungi wa kwanza na wa pili ndani ya sufuria, akausogeza wa tatu pembeni ili asijikwae, akashuka na mitupu miwili. Alipigana foleni na wasichana wa umri wa wajukuu, akajaza, akapanda na mmoja, akashuka, akapanda na wa pili. Orofa ya tatu alikaa kwenye ngazi kwa muda mrefu, mkono kifuani, akisikiliza moyo wake ukienda mbio. Lakini alikuwa na furaha. Mitungi miwili bure! Jioni Muriuki ataona.

Aliipanga mitungi ukutani, akachochea jiko, akakoroga maharagwe. Kitambaa cha bluu hakukikumbuka. Kulikuwa na mitungi mitatu ya manjano, imejaa, imenyamaza, na maji ya ule wa tatu yalikuwa yametuama siku kadhaa yakawa meupe kuliko ya mfereji.

Asubuhi Jacklyne alikuwa amechelewa salon. Akainama kwenye mtungi uliokuwa karibu, akajaza chupa ya Shiru, akatia sharubati kidogo ya rangi ya machungwa ambayo mtoto anaipenda, akatikisa. Teresiah alikuwa amesimama palepale akimfunga Shiru vifungo vya sweta. Aliona chupa ikijazwa, akamsifu mtoto kwa kiwiko chake kipya.

"Nani kama wewe leo?"

"Hakuna!" Shiru akasema.

Adhuhuri mwalimu alipiga simu.

Mtoto wa miaka mitano akitapika na kuhara anaisha haraka sana, mbele ya macho. Walipomfikisha hospitali midomo ilikuwa imekauka na macho yamezama. Alipoitwa hakugeuza shingo. Wakamtundikia dripu. Sista mmoja mpole akauliza alichokula, na Jacklyne akataja kila kitu huku analia. Uji. Maharagwe ya jana. Sista akauliza maji wanatoa wapi.

"Ya mfereji. Tunaweka dawa. Shosho huweka dawa kila siku, Shosho ni mkali kwa maji, si ndio Shosho?"

Teresiah alikuwa amesimama upande wa miguu ya kitanda. Alikuwa ameelewa tayari. Alielewa ndani ya teksi waliyolazimika kuikodi, Shiru amelala mapajani mwake na kiwiko chekundu kimegeukia juu, na tangu hapo alikuwa hajaweza kufungua mdomo. Alitaka dripu ile itolewe mkono wa mtoto, iingizwe wake. Alitaka arudishwe Alhamisi, kwenye begi lililo wazi.

Jacklyne aliichukua sweta ili aikunje. Mikono yake ikatulia. Akaigeuza nje ndani, akakipapasa kiraka, mishono midogo ile, pindo lile.

"Shosho," akasema taratibu. "Hiki kitambaa."

"Ndicho."

"Cha mtungi."

"Ndicho, mama."

Jacklyne hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliikunja sweta, akaiweka chini ya mto wa mtoto, akageuka na kuketi akiwa amempa mgongo.

Shiru alipona. Hilo liandikwe kabla ya jingine lolote: alipona, na baada ya siku chache alikuwa anauliza sharubati yake iko wapi. Lakini hospitali ilikula kodi ya nyumba, ikala na kile kidogo ambacho Jacklyne alikuwa akiweka kwa kina mama wa chama cha akiba, na Muriuki akakosa kuonekana langoni mwa godauni siku alizokuwa wodini, hivyo kidole cha msimamizi kikapata wengine. Yote ambayo Teresiah aliokoa tangu aingie nyumba ile, majani ya chai, sabuni, mashina ya sukuma, yalikwenda kwa wiki moja, na hayakutosha.

Nyumbani hakuna aliyesema neno baya. Mtungi wa tatu Jacklyne aliumwaga wote chooni, akaupeleka kwa jirani. Na kuanzia hapo, kila alipompa mtoto maji, alikileta kikombe puani mwake mwenyewe kwanza, akanusa. Alifanya hivyo hata Teresiah akiwa amekaa mkabala naye. Alifanya hivyo hata kwa chai. Hakukusudia ubaya, mkono wake ulikuwa umejifunza tu, na Teresiah alikuwa akitazama dirisha mpaka kikombe kishuke.

Muriuki alimfuata juu ya paa, alikokuwa akigeuza madonge ya makaa. Nguo za wapangaji wa ploti nzima zilikuwa zimeanikwa, na chini kule mtu alikuwa anagongagonga bati.

"Mami."

"Niambie."

"Si makosa yako. Nataka ujue."

"Ni ya nani?"

Muriuki akaokota donge moja, akalizungusha mkononi. Alikuwa amekonda shingo. Aliwahi kuwa mtoto mnene sana, mtoto wa kubebwa kwa shida.

"Landlord amesema kodi mwisho wa mwezi. Kazi unaona. Jacky naye akienda salon roho haitulii, anapiga simu kila saa. Nimeongea na Sally."

"Sally amesema nini?"

"Amesema sawa."

"Na bwanake?"

Muriuki akatazama shuka la mtu likipepea. "Hakuwa kwa nyumba."

"Muriuki. Mimi nilale kwa mkwe wangu?"

"Siku hizi watu hawaangalii hayo, Mami."

"Mimi je, niko siku gani?"

Macho ya Muriuki yalikuwa yamejaa machozi, na Teresiah, aliyemzaa, aliona kwamba akisema neno moja zaidi mwanawe atalia hapo juu ya paa mbele ya nguo za watu. Kwa hiyo akasema, "Nauli je? Kwenda Nyahururu ni pesa."

"Kimani, dereva wa pale godauni, anaenda Jumamosi na lori, kubeba viazi. Huwa anaenda tupu. Hutalipa chochote."

"Hiyo ni afadhali," akasema Teresiah. Na kilichomuudhi baadaye, alipokuwa peke yake na madonge yake, ni kwamba kweli kuna sehemu ndani yake iliyofurahi.

Jumamosi asubuhi alichemsha majani mapya. Akayanywa kwa mara ya kwanza, mekundu, makali, kwa sababu Jacklyne alimlazimisha. Hayakumpa ladha yoyote. Alimwonyesha Jacklyne mahali pa kuuliza vumbi la makaa na namna ya kupima udongo. Jacklyne alikuwa akiitikia, "Sawa, Shosho. Nimeona, Shosho," lakini hakuwa anaona, alikuwa analia. Kisha akamkumbatia, na kwa muda mfupi walikuwa kama zamani.

"Utarudi mambo yakikaa poa."

"Nitarudi."

Kila mmoja alijua mwenzake anamdanganya kwa upole.

Alikuwa ameacha soksi mpya ya sabuni juu ya kabati. Shiru alikuwa amevaa ile sweta, ingawa haikuwa siku ya shule. Hakutaka kuivua. Alisikia kwamba Shosho anaenda safari, na mtu wa safari huoshwa miguu, hivyo ndivyo alivyomwona Shosho akimfanyia kila wakitoka. Akalivuta karai lililokuwa limejazwa kwa ajili ya vyombo. Akalivuta kwa mikono miwili mpaka mlangoni, uso umemkaza kwa bidii, na kizingiti kikalishika. Karai likapinduka lote.

"Mami! Angalia sasa!" Muriuki akamfokea mtoto, na wote wawili waliobeba jina hilo wakashtuka.

Maji yalitanda sakafuni, yakapita kizingiti, yakaenda barazani. Teresiah alikuwa ameshashuka goti moja. Mkono wake ulikuwa unatafuta tambara pale ambapo hukaa, nyuma ya mlango.

Muriuki akamshika kiwiko, akamwinua. "Wacha, Mami. Kimani anangoja. Atapata shida na wale askari wa parking."

"Ni karai zima."

"Wacha tu. Ni maji tu."

Akaacha. Akamshika Shiru kichwani, kichwa kilichokuwa na joto na vumbi, na Shiru akauliza, "Utarudi kesho?" Muriuki alikuwa ametangulia na begi na sufuria mbili, akishuka haraka ili lisionekane jambo usoni mwake. Teresiah alimfuata kwa mwendo wake, mkono ukutani, ngazi kwa ngazi.

Orofa ya pili ilimbidi apumzike. Hapo ngazi hupinda, na juu yake ukingo wa zege wa ngazi za juu umebomoka. Akasikia kitu kikidondoka begani mwake. Akainua uso. Maji ya karai yalikuwa yamepata njia, yamefuata ngazi zilezile alizopitia, na sasa yalikuwa yakining'inia kwenye ukingo ule, tone likijaa, likiachia, jingine likijaa.

Chini honi ya lori ililia. Sauti ya Muriuki ikaita.

Teresiah alitazama juu, akatazama chini. Kisha akakunja kiganja, akakiweka chini ya ukingo, akasimama pale akingoja tone lijalo.